Kabla ya Kitambaa Kukatwa

Tumeletewa barua na dada mmoja wa kwetu Mombasa, ambaye sasa ni mkazi wa Chicago, Marekani, na riziki yake ni kushona nguo. Asema kwamba alitoka asubuhi pamoja na wanawake wawili jirani zake, wakenda kununua vitambaa katika mji mdogo uitwao Shipshewana, jimbo la Indiana, wakarudi jioni. Mji huo umezungukwa na makazi ya watu waitwao Waamish. Dada huyu alikuwa ameagizwa na jamaa wa bibi-arusi ashone sare ya wanawake kumi na watano, akanunua yadi 60 za rangi moja. Baada ya kurudi, mambo matatu yakamtatiza, naye ametutaka tumjibu.

La kwanza: Wanawake wa Kiamish waliowauzia walikuwa wamevaa magauni ya rangi moja yasiyo na ua hata moja, na kofia nyeupe vichwani. Lakini mikono yao ilikuwa ikikata vitambaa vya maua na nakshi za kila namna, ambavyo wao wenyewe hawaruhusiwi kuvivaa. Je, huu si unafiki?

La pili: Mmoja katika wenzake alinunua vitambaa vya kujaza buti ya gari, na hali nyumbani kwake mna makabati ya vitambaa ambavyo havijaguswa na sindano. Alipoambiwa, alijibu: Mali ni yangu, tena ni ya halali. Je, ana hoja?

La tatu: Ilipotajwa bei ya sare, mjane mmoja katika wale kumi na watano alimwendea dada huyu faraghani, akamwambia kwamba hana uwezo wa kulipa, na kwamba siku ya arusi atasema ni mgonjwa. Jamaa wa bibi-arusi wao wasema kwamba sare ni mapenzi na umoja, na kwamba hata hao Waamish wenyewe huvaa sare. Je, mambo haya mawili ni mamoja?

Kabla ya kujibu, yatupasa tueleze khabari za watu hawa, kwani kuwahukumu watu bila ya kuwajua ni dhulma.

WAAMISH NI WATU GANI?

Waamish ni kundi la Wakristo. Asili yao ni wale waliojitenga na makanisa makubwa ya Ulaya katika mji wa Zürich, Uswisi, mwaka 1525, wakishika kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamini kwa akili yake, si wa mtoto mchanga. Wenye mamlaka wa zama hizo waliwatesa sana; Felix Manz, mmoja katika viongozi wao, alitoswa mtoni huko Zürich mwaka 1527. Mwaka 1693 palitokea mfarakano baina yao wenyewe, na waliomfuata mzee aitwaye Jakob Ammann ndio walioitwa Waamish. Ndugu zao wa upande wa pili huitwa Wamennonite, na wasomaji wetu wa pande za Ziwa Viktoria wanawajua, kwani wamishonari wao kutoka Marekani walifika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934.

Katika karne ya 18 Waamish walianza kuhamia Pennsylvania, na mwaka 1841 baadhi yao wakafika kaskazini ya Indiana. Leo hesabu yao katika Amerika ya Kaskazini, wakubwa kwa wadogo, imepita 400,000, na Ulaya hawakubaki. Shipshewana yenyewe haifiki wakazi 1,000. Lakini ina gulio kubwa siku za Jumanne na Jumatano, tangu Mei mpaka Septemba, na wageni huja kwa magari na mabasi kununua vitambaa, samani na vyakula. Si kila duka la mji huo ni la Mwamish. Mengine ni ya Wamennonite na ya watu wengineo, na wanawake wa Kiamish huajiriwa humo.

Watu wengi hudhani kwamba Waamish wamekataa kila kitu kipya. Sivyo. Wanalokataa ni kukipokea kitu kabla ya kukiuliza. Wana kanuni zao, ambazo aghalabu hazikuandikwa. Na mara mbili kwa mwaka, kabla ya ibada yao ya Meza ya Bwana, kila jamaa ya kanisa, yapata nyumba ishirini hadi arobaini, huzitazama upya, na kila aliyebatizwa, mwanamume na mwanamke, huulizwa kama ameridhia. Swali lao kubwa si kama kitu ni kizuri au chafanya kazi upesi. Huuliza: Kitu hiki kitatufanya nini sisi kwa sisi?

Kwa sababu hii utaona mambo ambayo mgeni huyacheka. Gari la moto Mwamish halimiliki, lakini hupanda la mwingine akilipa nauli. Kwani waliona kwamba mwenye gari lake atakwenda mbali na majirani zake kila siku. Simu wengi wao waliikataa ndani ya nyumba, wakaiweka katika kibanda kando ya njia, ili isikate mazungumzo ya watu waliokaa pamoja. Baiskeli imeruhusiwa kaskazini ya Indiana, na huko Lancaster, Pennsylvania, haikuruhusiwa. Mtu aweza kusema kwamba hukumu hizi hazilingani, naye hakukosea. Lakini kila hukumu ilitoka kwa watu waliokaa wakaulizana.

Katika nguo mambo ni yayo hayo. Gauni la mwanamke ni refu, la rangi moja, na juu yake huvaliwa aproni. Katika jamaa nyingi hufungwa kwa pini, si kwa vifungo. Koti la mwanamume la ibada hufungwa kwa kulabu. Mshono haubadiliki mwaka hata mwaka, basi gauni la dada mkubwa humfaa mdogo wake. Kitambaa chenyewe siku hizi mara nyingi ni cha nyuzi za kiwandani, kwa kuwa hakitaki pasi na hakichakai upesi. Nacho hushonwa kwa cherehani ya kukanyaga, au iendeshwayo kwa betri au kwa nguvu ya hewa. Makusudio ya haya yote ni kwamba asiwepo wa kujikweza kwa vazi lake, wala wa kuona haya kwa vazi lake.

JAWABU LA SUALA LA KWANZA

Kumuuzia mtu kitu ambacho wewe hukivai si unafiki. Unafiki ni kudhihirisha usiyoyaamini. Mwanamke yule hasemi kwamba maua ni haramu kwa watu wote. Asema kwamba yeye ameahidiana na wenziwe wasiyavae. Ahadi yake yamfunga yeye, haimfungi mnunuzi.

Sisi tuna mfano wetu katika jambo hili, nao ni mashuhuri. Sayyidna Umar (R.A.) aliletewa na Mtume (S.A.W.) nguo ya hariri, akastaajabu, kwani alikwisha kumsikia akiikataza. Akaelezwa kwamba hakupewa ili aivae yeye. Umar akampa ndugu yake aliyekuwa Makka, ambaye hakuwa amesilimu bado. Twafahamu hapa kwamba kukatazwa kukivaa kitu si kukatazwa kukishika, kukimiliki wala kukitoa. Na hata leo sonara Mwislamu huuza pete za dhahabu, wala yeye hazivai.

Lakini biashara hii ina hatari nyingine, nayo si maua. Hatari ni kuliuza jina. Wanawake wa Kiamish walijifunza kutoka kwa jirani zao, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ufundi wa kushona mifarishi ya viraka, yaani vipande vya vitambaa huunganishwa kwa nakshi, kisha hutiwa pamba kati na kushonwa pamoja na kitambaa cha chini. Ilikuwa ni ya kujifunika wakati wa baridi. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya viraka ukutani kama picha za wasanii wakubwa, na baadhi yake ilikuwa ya Waamish. Baada ya hapo matajiri na wachuuzi wakawa wakibisha hodi mashambani, wakinunua mifarishi ya zamani vitandani mwa watu. Bei ikapanda. Leo mfarishi mmoja mkubwa ulioshonwa kwa mkono huuzwa kwa mamia ya dola, na mingi hupita dola 1,000.

Haja ya wageni ilipozidi uwezo wa mikono ya Waamish, katika miaka ya 1980 wenye maduka huko Lancaster waliwapa kazi wanawake wa kabila la Hmong, wakimbizi waliotoka Laos baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1975. Hao nao ni mafundi hodari wa sindano tangu kwao. Kazi yao ikauzwa katika maduka hayo hayo, na wanunuzi wengi wakarudi makwao wakiamini kwamba wamenunua kazi ya mkono wa Mwamish. Hapa ndipo penye ubaya. Kazi ya mwanamke wa Laos haikuwa na aibu yoyote, wala hakuwa na kosa katika kuishona. Aibu ni kumficha. Muuzaji aliyeyajua haya akanyamaza ameficha sifa ya bidhaa ambayo mnunuzi ailipia; na Mwislamu ajua kwamba mwenye kughushi katika uuzaji amekemewa mno.

Basi jawabu ni hili: wale wanawake waliokata maua na hali wamevaa rangi moja hawakukosa, maadamu walipima yadi kamili na wakasema kweli juu ya kitambaa.

JAWABU LA SUALA LA PILI

Huyu aliyesema kwamba mali ni yake tena ni ya halali amesema kweli katika maneno mawili, akakosa katika la tatu alilolinyamazia. Mali ni yake, na njia aliyoipatia ni ya halali. Lakini yeye ni mwenye kuaminiwa juu ya mali hiyo, naye ataulizwa aliichuma vipi na aliitumia vipi. Uhalali wa kuchuma hauhalalishi uharibifu wa kutumia.

Washonaji mifarishi wa Marekani wana mzaha wao juu ya jambo hili: husema kwamba akiba yao ya vitambaa imekwisha kuzidi umri uliobaki wa mwenyewe. Husema huku wakicheka, nao ni mzaha mzito kwa mwenye kuufikiri. Mtu awekaye kitambaa ambacho ajua hataishi kukishona ananunua nini? Hanunui nguo. Anunua ile furaha ya saa moja dukani, jora linapofunguliwa mezani na makasi yakipita, na picha ya nafsi yake katika siku atakayokuwa na wasaa. Kitambaa ni risiti tu ya ndoto hiyo. Na ni ajabu kwamba furaha hii huenda watu kuitafuta katika mji wa wale waliojinyima rangi na nakshi. Hupenda kuutazama utulivu wao, kisha huondoka na mizigo kama walioingia katika mji mwingine wowote.

Hata hivyo yataka tupambanue. Dada yetu mwenyewe alinunua yadi 60, na hakufanya israfu, kwa kuwa yeye ni mshonaji na kitambaa ni mtaji wake. Mwenye duka awekaye majora mia hakosi, na mwenye nyumba awekaye majora kumi asiyoyahitaji aweza kukosa. Wala hatusemi kwamba mwanamke asiwe na kitambaa cha akiba, au asipendezwe na rangi. Uzuri si dhambi. Kipimo si hesabu ya yadi. Kipimo ni kwamba kila kitambaa kiwe na mwili unaokingojea. Kisichokuwa nao, basi na kitolewe kwa wanaokosa nguo, kabla nondo na panya hawajakirithi.

JAWABU LA SUALA LA TATU

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililotufanya tuandike.

Ni kweli kwamba Waamish huvaa nguo za namna moja. Na katika arusi zao pia kuna sare: bibi-arusi aghalabu hujishonea mwenyewe gauni la rangi moja, mara nyingi la buluu, na wasaidizi wake wachache huvaa rangi hiyo hiyo. Kwa hivyo jamaa wa bibi-arusi hawakusema uwongo. Lakini wameona kufanana kwa nje, wakaacha tafauti tatu ambazo ndizo roho ya jambo lenyewe.

Ya kwanza: gauni lile la arusi la Kiamish huvaliwa tena. Bibi-arusi huenda nalo ibadani miaka kwa miaka. Sare ya arusi zetu huvaliwa usiku mmoja, na usiku wa arusi ya pili yatakiwa nyingine.

Ya pili: nguo yao ya namna moja ni rahisi kwa makusudi. Imewekwa chini, mahali ambapo maskini aweza kufika, na tajiri ndiye alazimikaye kushuka. Sare ya arusi zetu huwekwa juu, mahali apendapo mwenye uwezo, na maskini ndiye alazimikaye kupanda. Zote mbili ni sare. Moja huinamisha shingo ya tajiri, na ya pili huvunja shingo ya mjane.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa: wao waliulizana kabla. Mwanamke wa Kiamish avaapo lile gauni, lilikwisha kupita mbele ya watu waliokuwa na haki ya kusema ndiyo au la, naye ni mmoja wao. Katika sare hii ya wanawake kumi na watano, ni nani aliyemuuliza mjane? Rangi ilichaguliwa na nyumba moja, kitambaa kikachaguliwa na nyumba hiyo hiyo, na bei ikapelekwa kwa wote. Hakuna aliyemlazimisha kwa mdomo. Lakini aibu ni mlazimishaji mkali kuliko askari, kwani askari humwona anayempiga. Mwanamke aliyeambiwa kwamba sare ni mapenzi, naye hana pesa, ameambiwa kwamba hana mapenzi.

Tazameni matokeo yake. Mjane huyu hakualikwa ila kwa kupendwa, na sasa mapenzi hayo yamemfikisha kutunga uwongo wa maradhi ili aifiche dhiki yake. Umoja gani huu unaomtoa mtu nje ya nyumba ya furaha kwa jina la umoja?

MPAKA WA MFANO HUU

Tumewasifu Waamish katika kuulizana, na uadilifu wataka tuseme pia pale ambapo mfano wao hautufai.

Wao husimamisha masomo ya watoto wao baada ya mwaka wa nane wa shule. Jambo hili lilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani, kwa sababu ya wazazi watatu wa jimbo la Wisconsin waliotozwa faini ya dola 5 kila mmoja, na mwaka 1972 mahakama ikawapa haki wazazi hao. Jaji William Douglas akataja jambo ambalo wenziwe hawakulipa uzito: je, mtoto mwenyewe ameulizwa? Nasi twasema kwamba swali lake ni la haki. Watu waliojenga maisha yao juu ya kuulizana wamewaacha nje ya swali wale ambao lawahusu zaidi. Elimu ni faradhi yetu juu ya mwanamume na mwanamke, na hatukubali kwamba utulivu wa jamii ununuliwe kwa kumfungia mtoto mlango wa kujua.

Tena, swali lao huishia kwenye ua wa jamii yao. Wauliza kitambaa kitatufanya nini sisi, wala hawaulizi sana kilimfanya nini aliyekifuma. Vitambaa vingi vya nakshi viuzwavyo katika maduka ya Marekani hutoka Korea, Japani, China, Indonesia na Pakistan. Mwaka 2013 jengo la viwanda vya nguo liitwalo Rana Plaza lilianguka huko Bangladesh, na zaidi ya watu 1,100 wakafa, waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Amerika. Mwenye kuuliza kwa ukamilifu na aulize pande zote mbili: huyu atakayevaa, na yule aliyefuma.

Wala tusidhani kwamba usahili wa nguo ni takwa peke yake. Kwa Waamish upana wa ukingo wa kofia hutambulisha mtu ni wa jamaa ipi, na mtu aweza kuwa na kiburi katika kofia kama awezavyo kuwa nacho katika hariri. Moyo hausafiwi na kitambaa. Kitambaa chaweza tu kumpunguzia jirani mzigo, na hilo latosha kuwa jambo kubwa.

NASAHA YETU

Kwa dada yetu twasema: wewe hukukosa katika kununua, na ujira wako ni halali yako. Lakini siri ya mjane imekufikia, na siri ni amana. Usimtaje jina. Nenda kwa jamaa wa bibi-arusi uwaambie kwamba wako wasioweza, bila ya kusema ni nani, uwashauri mojawapo ya mambo haya: ama wao wenyewe wazilipe nguo zote kumi na tano, maana aliyechagua ndiye alipe; ama rangi pekee ndiyo iwe sare, kila mtu aje na alichonacho cha rangi hiyo, kipya au cha zamani; ama sare iachwe. Ukiweza kupunguza ujira wako kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ni kheri, lakini si wajibu juu yako kulipa gharama ya majivuno ya wengine. Na kitambaa kitakachobaki kiweke katika kazi yako, hakitaoza.

Kwa jamaa wa bibi-arusi twasema: arusi haipungui kitu kwa kukosa sare, na hupungua sana kwa kumkosa mtu.

Na kwa wasomaji wetu wote, walioko pwani na walioko ng'ambo, twasema: lililo jema katika mji ule wa Shipshewana halifungwi katika karatasi dukani. Ni ile desturi ya watu kukaa chini, wenye nacho na wasio nacho, wakaulizana kabla ya jambo kuwa lazima juu ya wote. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Sisi twaiita shura, na twaisifu sana mimbarini. Na ianze katika mambo yetu madogo ya nyumbani: kabla ya kitambaa kukatwa, aulizwe yule ambaye sauti yake ni ya chini kuliko zote. Kwani kikisha kukatwa, hapana awezaye kukiunga kikawa kama kilivyokuwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.